Kudai uzazi salama katika shehia yako: mlango upi, mwezi gani, karatasi gani

Zanzibar, afya si jambo la Muungano. Tunaanzia hapo kwa sababu ndipo barua za shehia zinapopotelea: watu wanampelekea Mbunge malalamiko ya mama kufia njiani, Mbunge anakwenda nayo Dodoma, na Dodoma hakuna anayepitisha bajeti ya Wizara ya Afya ya Zanzibar. Bajeti hiyo inapitishwa na Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Mtu wenu ni Mwakilishi wa jimbo, na pamoja naye Kamati ya Ustawi wa Jamii ya Baraza, ambayo kazi yake ni kumhoji Waziri kabla ya bajeti kufika ukumbini.

Mbunge msimtupe. Mfuko wa Jimbo unaweza kununua mashine ya boti, tangi la maji au sola ya kituo. Lakini hauwezi kuajiri mkunga, wala kulipa posho ya zamu ya usiku mwaka baada ya mwaka. Kitu cha kununuliwa mara moja kipelekeni jimboni. Kitu kinachohitaji mshahara, mafuta au dawa kila mwezi kipelekeni wizarani, kupitia kwa Daktari Dhamana wa Wilaya, yaani msimamizi wa huduma za afya wilayani. Kwa Pemba, nakala moja iende kwa Afisa Mdhamini wa Wizara ya Afya, yaani mkuu wa wizara kisiwani humo, Chake Chake. Mkimruka, faili litarudishwa kwake kutoka Unguja na mtakuwa mmepoteza miezi.

Msianze na idadi ya vifo

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kifo cha uzazi ni cha mwanamke mwenye mimba, au aliye ndani ya siku 42 tangu mimba imalizike kwa namna yoyote, kikisababishwa au kuzidishwa na mimba hiyo. Ajali ya gari haimo. Mimba iliyoharibika miezi mitatu imo. Mama aliyezaa salama akafa kwa homa siku ya 30 yumo pia, ingawa mtaani watasema kafa kwa homa tu.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta Tanzania ina vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2015-16 ulikuta 556. Namba hizo hupatikana kwa kuwauliza watu habari za dada zao, nchi nzima, na haziwezi kugawanywa kwa vijiji. Pigeni hesabu wenyewe: shehia inayozaa watoto 100 kwa mwaka, kwa kiwango cha 2022, itaona kifo kimoja katika karibu miaka 10. Mkimwendea Mwakilishi na hoja ya vifo, atasema shehia yenu haina tatizo, na hamtakuwa na cha kumjibu. Mwaka kitakapotokea kifo hicho kimoja, kitaitwa bahati mbaya.

Kwa hiyo hesabuni saa. Chukueni kauntabuku moja, mlipigie mistari, na kila mama wa shehia aliyepata tatizo la uzazi (kutoka damu nyingi, degedege la kifafa cha mimba, uchungu uliokwama, homa baada ya kuzaa) apate mstari wake, awe amepona au hakupona. Safu zake ni hizi: tarehe, umri, mimba ya ngapi, saa dalili ilipoanza, saa lilipokatwa shauri la kwenda, saa ya kuondoka, chombo na nauli, maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, saa ya kufika, saa aliyoanza kutibiwa na mtu mwenye uwezo wa kumtibu, na kilichokosekana. Jina lisiandikwe. Andikeni namba, na orodha ya majina akae nayo mwanamke mmoja anayeaminika, mbali na daftari. Daftari likiwa na majina, baada ya wiki mbili hakuna nyumba itakayosema kweli, hasa penye binti aliyepata mimba kabla ya ndoa. Mabinti hao ndio wanaochelewa kuliko wote, kwa kufichwa.

Angalieni saa. Familia itasema "saa nne usiku", karatasi ya hospitali itaandika 22:00. Ni saa ile ile, lakini anayenakili haraka huandika 4 huku na 10 kule, na ucheleweshaji wa saa sita unazaliwa kwenye karatasi peke yake. Afisa akiliona kosa hilo moja, daftari zima halina thamani tena. Chagueni saa ya Kiswahili, andikeni asubuhi, mchana au usiku kila mara, na kila namba ya hospitali ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliugawa ucheleweshaji mwaka 1994 katika sehemu tatu ambazo wizara zote zinazijua: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Safu za daftari lenu zinazitoa zote tatu. Baada ya miezi sita jumlisheni, mwone saa nyingi zinapotelea wapi. Hapo ndipo pa kudai, hata kama siyo mlipopataka.

Honduras ni mfano wa karatasi kufanya kazi. Utafiti wa 1990 ulipotoa kiwango cha vifo vya uzazi 182 kwa kila vizazi hai 100,000, kikubwa kuliko serikali ilivyodhani, maofisa walielekeza fedha na wafanyakazi kwenye mikoa iliyoonekana mibaya zaidi. Kufika 1997 kiwango kilikuwa 108. Nchi haikuwa imetajirika katika miaka hiyo saba.

Saa zikipotelea nyumbani

Ikiwa pengo kubwa ni kati ya dalili na shauri, hakuna kasma (fungu la fedha) ya bajeti itakayowasaidia. Mume yuko dago (kambi ya uvuvi), simu haipatikani, mama mkwe anasema tusubiri ruhusa. Maneno hayo yamalizwe mimba ikiwa ya miezi saba, mbele ya mume, mama mkwe na mhudumu wa afya wa jamii: nani atatoa ruhusa mume akiwa hayupo, fedha ziko kwa nani, nani atabaki na watoto, watu gani wawili watatoa damu. Mkunga wa jadi aitwe kwenye kikao hicho, kwa heshima. Akiachwa nje, mama atapelekwa kwake kwanza, kisha kituoni akiwa amechoka.

Kukagua kituo bila kugombana na mkunga

Nendeni watatu, pamoja na sheha au mjumbe wa kamati ya afya ya kituo, kwa miadi, asubuhi ambayo si siku ya kliniki. Msiingie chumba cha kuzalia. Mwambieni msimamizi mapema kwamba mnatafuta cha kuombea, hamtafuti kosa. Kwa kawaida yeye ndiye aliyeomba kitu hicho hicho mara tatu bila kujibiwa, na barua yenu itamfaa kuliko itakavyowafaa nyinyi.

Kituo cha kutoa huduma za msingi za dharura kinatakiwa kiweze mambo saba: kudunga antibayotiki, kudunga dawa ya kukaza kizazi, kudunga dawa ya kuzuia degedege, kutoa kondo la nyuma kwa mkono, kusafisha mabaki ya mimba, kumvuta mtoto kwa kikombe cha hewa, na kumpumulisha mtoto kwa mfuko na barakoa. Ongezeni upasuaji na damu, yanakuwa tisa, na hiyo ni hospitali kamili ya dharura. Kipimo cha Umoja wa Mataifa kilichotumika kwa miaka mingi ni vituo vitano vya namna hiyo kwa kila watu 500,000, kimoja angalau kikiwa kamili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba na 1,346,332 Unguja. Kwa kipimo hicho Pemba inataka kati ya vitano na sita, Unguja kati ya 13 na 14. Swali la kumuuliza Daktari Dhamana ni vituo vingapi vya wilaya yake vimefanya yote saba katika miezi mitatu iliyopita. "Vinaweza kufanya" si jibu.

Tazameni friji. Oksitosini, dawa ya kwanza ya kuzuia damu kutoka, inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto inapungua nguvu, na kichupa hakibadiliki rangi wala harufu. Mkunga anadunga yuniti 10, damu haikati, anadhani tatizo ni mama mwenyewe. Ombeni kuona karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni. Ikiwa imejazwa 4, 4, 4 asubuhi na jioni mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, huku kijiji kizima kinajua umeme ulikatika siku mbili, basi hakuna anayesoma kipimajoto. Hapo ombeni sola au friji inayohimili umeme kukatika, na jina la mtu mmoja wa kusoma kila siku. Msiombe "dawa zaidi", kwa sababu nazo zitaharibika humo humo.

Idadi ya dawa mnaweza kuihakiki wenyewe. Kituo kinachozalisha mama 20 kwa mwezi kinataka vichupa 20 vya yuniti 10 kwa kinga. Chukulieni wawili watatoka damu nyingi, kila mmoja ahitaji vichupa hadi vinne: vinane. Jumla 28 kwa mwezi, na akiba ya mwezi mmoja juu yake. Linganisheni na kilichopokelewa kutoka Bohari Kuu ya Dawa robo iliyopita. Pengo likionekana, ulizeni kwanza kituo kiliagiza ngapi. Mara nyingi fomu hujazwa kwa kunakili ya robo iliyopita, na bohari inatoa kile kilichoandikwa.

Magnesiamu salfeti, ya kifafa cha mimba, haitaki friji. Dozi ya kuanzia ni gramu 14: 4 polepole mshipani na 10 kwenye misuli, 5 kila upande, na kalsiamu glukoneti iwe karibu kama dawa itazidi. Kituo kidogo kiwe na dozi hiyo ya kuanzia wakati wote. Hospitali itaendelea na nyingine. Mama mwenye degedege akipakiwa garini bila kudungwa, safari yenyewe inaweza kumuua. Kudunga si kazi yenu. Yenu ni kuuliza kama dawa ipo na kama zamu ya usiku imefundishwa kuitumia. Wapo wakunga wanaoogopa dawa hii kwa sababu hawajawahi kuidunga wakisimamiwa.

Kama mnatafuta kitu rahisi cha kuanzia, ombeni shuka za plastiki zenye alama za kupimia damu. Mkunga akikisia kwa macho, hukisia chini. Utafiti mkubwa uliotolewa 2023, uliofanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba damu ikipimwa kwa shuka hiyo na matibabu yote yakaanza kwa pamoja (kukanda kizazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki gramu 1, dripu, na kukagua inatokea wapi), madhara makubwa hupungua kwa asilimia 60. Asidi ya traneksamiki iwahi ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue.

Zamu ya usiku ndiyo ngumu. Jengo lina ufunguzi, kitambaa na picha, na ndiyo maana ni rahisi kuahidiwa. Hospitali mpya za wilaya zimejengwa Unguja na Pemba baada ya UVIKO-19, na ni jambo jema, lakini mkunga wa pili usiku hana utepe wa kukatwa. Ulizeni wakunga wangapi wanalala kituoni, wangapi wanakaa mjini na kuondoka na gari ya saa tisa, na nyumba ya mfanyakazi ina maji au haina. Shehia inayompatia mkunga nyumba yenye mlango mzuri na tangi imefanya zaidi kuliko barua kumi.

Bahari, gari na mafuta

Kwa Tumbatu, Kojani, Makoongwe au Kisiwa Panza, swali la kwanza ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana karibu saa nne au saa tano asubuhi, na tena saa hizo hizo usiku, na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Boti iliyofungwa mahali inapokaa mchangani haitoki mpaka maji yarudi. Nanga yake iwe kwenye maji ya kutosha siku zote, hata kama nahodha atalazimika kutembea, na jedwali la maji la mwezi libandikwe kituoni na kwa sheha.

Mafuta yakae tayari ya safari mbili, kwenye dumu lenye lakiri, na daftari la kutia saini. Kwa mashine nyingi za kuchanganya oili kipimo ni 50 kwa 1, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Hakikisheni kwenye kitabu cha mashine yenu. Petroli iliyochanganywa haikai. Kila mwezi itumike kwa kazi nyingine na kujazwa mpya, la sivyo mashine itagoma usiku mnaoihitaji. Nani ana ufunguo saa nane usiku? Majina mawili, simu mbili, nyumba mbili tofauti.

Gari ya wagonjwa ina ugonjwa wake: ipo, dereva yupo, mafuta yameisha tarehe 20. Kwa hiyo msiombe gari mpaka mmejua mafuta ya iliyopo yanatoka kasma gani, na ni lita ngapi kwa mwezi.

Damu nayo ni hoja ya kalenda. Chupa moja ni mililita 450 na hukaa siku 35 kwenye baridi. Mwanamme huchangia kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Ramadhani wachangiaji hupungua mchana, na wazazi hawapungui. Pangeni uchangiaji wiki ya mwisho ya Shaabani na mwingine usiku baada ya tarawehe, mkikubaliana na kitengo cha damu mapema ili walete watu wao.

Barua

Ukurasa mmoja, ombi moja. Barua yenye maombi manane hujibiwa kwa lile rahisi kuliko yote, na mara nyingi hilo ni semina.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Baraza hujadili bajeti Mei na Juni, lakini wizara hupanga mahitaji yake miezi mingi nyuma. Barua ifike kwa Daktari Dhamana Oktoba, Novemba mwisho. Mkiileta Mei, kila shilingi imeshapata mwenyewe, na kinachobaki ni Mwakilishi kuuliza swali. Mwili wa barua uwe hivi:

"Katika miezi sita hadi tarehe ___, mama ___ wa shehia hii walipata tatizo la uzazi. ___ walifika kituoni usiku, na ___ kati yao walisubiri zaidi ya saa moja kwa sababu mkunga wa zamu alikuwa mmoja na alikuwa akimzalisha mwingine. Tunaomba kituo kipatiwe mkunga wa pili wa usiku kuanzia 1 Julai. Shehia imeshaandaa nyumba. Tunaomba jibu la maandishi kufika tarehe ___, likieleza kasma itakayolipia na afisa anayehusika."

Jedwali la daftari liambatanishwe bila majina ya watu. Azimio la Abuja la 2001, la asilimia 15 ya bajeti kwenda afya, liacheni. Ni kweli, lakini Daktari Dhamana hana la kulifanyia, na barua itaonekana ya mwanaharakati.

Sheha ameteuliwa na serikali, na anaweza kuogopa kutia saini kitu kinachosomeka kama lawama. Msimlazimishe akubaliane nanyi. Ombeni muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, inatosha. Watakaotia saini wachanganyike vyama, waziwazi, pamoja na imamu, mwalimu na mkunga wa jadi, na siku ya kupeleka asivae mtu fulana wala kofia ya chama chochote. Hasa Pemba, barua ikishanukia chama kimoja, hoja ya mama inaisha na ya bendera inaanza. Mwaka wa uchaguzi ahadi zipokeeni zote, lakini kila ahadi iulizwe tarehe na kasma hapo hapo mkutanoni.

Kifo kikitokea

Hospitali inatakiwa kutoa taarifa ya kifo cha uzazi ndani ya saa 24, na cha nyumbani ndani ya saa 48, kisha kamati ya mapitio ikae. Mapitio hayo si mahakama. Mkunga akishatajwa mtaani kuwa ndiye muuaji, ataomba uhamisho, na waliobaki watajifunza kuandika karatasi zisizowashika: vipimo vilivyojazwa baadaye, saa zilizonyooshwa, wagonjwa wanaopelekwa hospitali mapema bila sababu ili wasifie mikononi mwao. Anayestahili kushitakiwa ashitakiwe kwa njia yake. Lakini kamati yenu iulize nini kilikosekana, na iombe matokeo ya mapitio bila majina.

Familiani waende wanawake wawili, baada ya hitma ya siku ya tatu. Wataambiwa siku yake ilifika. Wasibishane. Kuuliza waliondoka saa ngapi hakupingi kadari, na mwenye msiba hujibu kwa utulivu swali la saa kuliko swali la kwa nini.

Baada ya Julai

Bajeti kupitishwa si fedha kutoka. Kila robo, yaani Oktoba, Januari, Aprili na Julai, mwandikieni Mwakilishi mistari miwili: kiasi gani kiliidhinishwa kwa kasma hiyo, kiasi gani kimeingizwa hadi sasa. Hotuba ya bajeti ya mwaka unaofuata hueleza utekelezaji wa mwaka unaomalizika, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huja baadaye. Someni zote mbili kwa kutafuta neno moja tu, lile mliloomba. Mahakama ipo pia. Uganda, shauri la katiba Namba 16 la 2011 kuhusu mama waliofariki hospitalini lilishinda, ila hukumu ilitoka Agosti 2020.

Mkijibiwa "limepokelewa, linafanyiwa kazi", rudisheni nakala ya jibu hilo siku ya 30, mkiuliza namba ya faili na jina la afisa aliyenalo mezani. Mkipewa namba, iandikeni juu ya kila barua itakayofuata.